Mgongo wa Mfarishi

Uwanja wa ndege wa Maskati, bwana forodha
alihesabu sindano zangu moja moja, sitini na mbili,
akaniuliza kwa Kiarabu, akaniuliza kwa Kiingereza,
mwisho kwa Kiswahili cha bibi yake:
"Mama, unakwenda kumshona nani?"
Nikasema naitwa Ibra, kuhukumu mifarishi.
Akacheka, akanirudishia kibweta.
Mkasi akaubakiza.

Milima njiani ina rangi ya mkate ulioungua.
Nje digrii arubaini na nne;
ukumbini, kiyoyozi kinauma hadi magotini.
Bi Zuwena binti Nasor, mwenyeji wangu,
Kiswahili chake kilisimama mwaka alioondoka Unguja:
gari kwake ni motakaa,
nami kwake ni "mwalimu wa cherehani"
ingawa sijagusa cherehani tangu Pangani.

Mifarishi arubaini na moja kwenye kamba,
haina majina, ina namba tu, kwa pini.
Ustadha Thuraya anatazama rangi.
Bwana Jayantilal, fundi wa Matrah, anapima pembe.
Mimi nageuza.
Kizuri chajiuza, sawa, lakini kwa uso.
Mgongo hauna dalali.

Namba ishirini na saba:
kanzu nyeupe zilizochakaa kolani,
pazia la kijani, sare ya shule,
na katikati kipande cha kanga kisicho na maandishi,
kimekatwa pale jina lilipoishia.
Mkono mwepesi. Mishono kumi kwa kila inchi.
Nikageuza.

Mafundo yote nje.
Mizunguko mitatu, mkia umeachwa urefu wa ukucha,
yamekaa mgongoni kama punje za mtama.
Nilisimama.
Hilo si fundo la Ibra, wala la Sur, wala la Wabaluchi.
Hilo ni langu.
Miaka kumi na mmoja nililifundisha hivyo,
kwa kujiamini, kwa fimbo ya chaki mkononi,
mpaka mzee mmoja wa Matrah, safari yangu ya kwanza huku,
aliponishika kidole bila neno, akavuta uzi ghafla,
fundo likapenya, likalala ndani ya pamba.

Sheria: fundo lionekanalo, ondoa alama tatu.
Wenzangu wakaningoja.
Kalamu ilikuwa ya wino mwekundu, nakumbuka,
na kofia yake imetafunwa na mtu mwingine.
Nikaondoa tatu.
Ikawa ya pili. Ya kwanza ikaenda kwa mfarishi wa buluu
ulionyooka kama barabara ya Nizwa,
na unaosisimua kiasi hicho hicho.

"Huo?" alisema Bi Zuwena, akimimina kahawa.
"Kaushona yaya wetu, Mwatime. Usiku, watoto wakilala.
Karudi kwao mwaka jana, goti lilimsumbua.
Nikaona haya uozee kabatini."
Kwao wapi?
"Huko kwenu. Pangani."
Nikala halwa nisiyoitaka.

Siku mbili nikafundisha wanawake thelathini
kuzika fundo. Vuta. Tena. Usiogope kitambaa.
Ukumbi mzima ukawa na sauti ndogo,
kama watu wanaovunja maganda ya kunde.
Msichana mmoja akauliza: "Na yaliyokwisha kushonwa?"
Nikajifanya sikusikia Kiarabu chake.

Sasa niko kwenye foleni ya kuondoka,
bahasha ya Mwatime kwenye sidiria, riali ishirini na tano.
Nyuma ya pasi ya kupandia nimeandika majina
ya darasa lile. Kumi na tisa nayakumbuka.
Wawili wamekufa, na mafundo yao yamebaki nje,
kwenye vitanda vya watu nisiowajua.

Nitaanza na Mwatime.
Kwanza bahasha. Kwanza nimuulize goti.
Chai ikishaingia vikombeni
nitamwomba alete sindano,
na nitasema mimi, kabla hajaniita mwalimu.